Mama yenu hakukosea kuhusu ule ukuta

Swali: Shikamoo mzee. Sisi ni ndugu wanne. Marehemu baba alituachia eka moja Moshono, hapa Arusha. Kaskazini inapakana na barabara ya mtaa, mashariki kuna mfereji unaojaa masika. Mwekezaji anataka tuingie ubia: ardhi yetu, fedha zake, ajenge apatimenti 36 za kuuza, sisi tupewe 9. Ametuletea michoro: majengo matatu, magari chini, bwawa la kuogelea katikati, ukuta wa mita tatu pande zote, geti moja. Kaka zangu wamefurahi sana. Mama ameutazama mchoro akasema, "Hili gereza la matajiri." Tulicheka, lakini usingizi umeniisha. Kuna kasoro kweli au ni mambo ya wazee? Na mringaringa wa baba ulio mbele, ni lazima ukatwe? Dada mkubwa, Moshono.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Picha ulizotuma nimezitazama jana usiku, na leo asubuhi nimezirudia nikiwa na kalamu nyekundu. Nianze na mama yenu, maana ndiye pekee aliyeusoma mchoro huu akiwa amesimama barabarani. Kaka zako wameusoma kutoka angani, kwa sababu kompyuta ya mwekezaji iliwaweka huko, juu ya paa, na bwawa la buluu linametameta. Lakini mnunuzi atashuka kwenye kifodi, yaani daladala ya huku, atashika njia ya vumbi au ya tope kulingana na mwezi, na kitu cha kwanza atakachokiona cha nyumba yake mpya ni ukuta.

Eneo lenu lina mita 80 barabarani na kina cha mita 50. Ukuta umechorwa kwenye mita zote 80, ukiondoa geti na kibanda cha mlinzi. Mtu akitembea mwendo wa kawaida atatumia dakika nzima kuupita. Sasa fikiria dakika hiyo saa mbili usiku, kulia ukuta, kushoto migomba ya jirani, taa hamna.

Naijua dakika hiyo kwa sababu niliwahi kuichora mwenyewe. Nilikuwa kijana, mteja alitaka apatimenti "salama", nami nikampa ukuta mrefu wenye waya juu, nikajisifu. Haukupita mwaka, mtaa ukahama. Akina mama waliozoea kupita pale kwenda sokoni wakaanza kuzungukia njia nyingine. Kijiwe cha toyo, yaani bodaboda, kilichokuwa kwenye kona kikasogea mbali. Muuza mahindi ya kuchoma akaondoka, maana hakuna anayenunua mahindi pasipo na watu. Halafu wezi wakaja. Walipanda kwa ngazi ya fundi rangi, taratibu kabisa, wakiwa wamejificha kwenye kivuli cha ukuta uliojengwa kuwazuia. Mlinzi alikuwa getini na redio yake. Majirani hawakuona kitu, na hata wangeona, wasingejua wamwite nani, kwa sababu watu wa ndani ya ukuta hawakuwahi kusalimiana nao. Tangu siku ile kila mchoro naanza kuuchora kutoka barabarani kuingia ndani, na bado sijaona sababu ya kubadilisha.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: jengo la mbele ndilo liwe ukuta wenu. Lipangeni sambamba na barabara, mita nne tu kutoka mpaka wa kiwanja, na chini yake muweke milango na madirisha yanayotazama mtaa. Hizo mita nne ndizo nitakazozisemea sana, vumilia.

Watu wa pwani walilimaliza hili zamani kwa baraza. Mgeni asiyestahili kuingia ndani hafukuzwi. Anakaa barazani, anakunywa kahawa, na mwenye nyumba anajua nani kapita na nani kageuka. Sisi wa huku juu tuna kibaraza cha duka la Mangi, kazi yake ni ileile. Mangi anafungua kabla jua halijachomoza, anafunga mtaa umelala, anamjua kila mtoto ni wa nani. Hakuna kamera inayofanya hivyo. Basi upande wa magharibi wa jengo la mbele, ule ulio karibu na kituo cha vifodi, wekeni maduka manne madogo: Mangi mmoja, famasi, saluni, na moja la atakayekuja. Upande uliobaki uwe wa apatimenti zenye mlango wake wenyewe unaofunguka barabarani, kila moja na kibaraza chake.

Najua utakachouliza: nani atalala chini, barabarani, watu wanachungulia? Hapo ni hesabu ya macho. Macho ya mtu mzima anayetembea yako kama mita moja na nusu na kidogo kutoka ardhini. Ukiinua sakafu ya nyumba sentimita 60 juu ya njia, aliye ndani akiwa amekaa kwenye kochi macho yake yanalingana na ya mpita njia au yanamzidi, na mpita njia akitazama juu anaona zaidi dari kuliko kitanda. Ongeza kaukuta ka sentimita 90 mbele ya kibaraza, panda maua nyuma yake, weka nondo nzuri madirishani. Uzio halisi, ule wa kuzuia wezi, unabaki kwenye mapengo tu: geti la vyuma vinavyopitisha macho pale pa kuingilia magari, na jingine dogo kwenye kichochoro cha kupita chini ya jengo kuelekea uani. Upande wa nyuma na pembeni, mnakopakana na majirani, jengeni ukuta wa kawaida. Sikatazi ukuta, nakataza kumpa mtaa kisogo.

Sakafu iliyoinuliwa ina deni lake. Mwenye kiti cha magurudumu hapandi ngazi nne, na tangu 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayodai majengo yafikike. Mteremko wa kusukuma kiti unahitaji mita 12 za kwenda kwa kila mita moja ya kupanda, kwa hiyo sentimita 60 zinataka mita 7.2. Mbele hapatoshi kufanya hivyo kwa kila mlango. Jengo la nyuma, ambalo halitazami barabara, sakafu yake muilinganishe na ua. Huko ndiko mama yenu akae, na ndiko mtakakoweka wengine wenye magoti ya umri wake.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nisimame, nitembee, kisha nirudi kwenye mchoro. Majengo yote matatu yamesimama juu ya nguzo. Chini ni magari na hewa; juu ni floo nne za kuta za matofali. Maana yake juu pamekakamaa, chini pamelegea. Ardhi ikitikisika, jengo zima linasukumwa kama kabati lililowekwa juu ya vijiti, na mzigo wote wa kupinda unabebwa na vijiti. Sehemu nyingi duniani majengo ya namna hii ndiyo ya kwanza kulala. Nanyi msiniambie kwamba Arusha haitikisiki. Tuko kando ya Bonde la Ufa, tumelala chini ya Meru, ambao ni mlima wa volkano. Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilianzia upande wa Gelai, karibu na Ziwa Natron, likasikika hadi Nairobi, na Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai, volkano ya jirani, ukaanza kurusha majivu. Mwenye umri wako analikumbuka.

Mhandisi mzuri anaweza kulitibu kwa kuta za zege zenye nondo zinazopanda kutoka kwenye msingi hadi paa, kwa kawaida kuzunguka ngazi na lifti. Mwulizeni mwekezaji atuonyeshe ziko wapi. Mimi sikuziona. Na kabla ya nguzo hata moja, achimbe mashimo ya kupima udongo, angalau moja kwa kila jengo na moja karibu na mfereji. Miteremko ya Meru inabadilika hatua kwa hatua: hapa udongo mwekundu mzuri, pale majivu ya kale yaliyolala kama unga, chini zaidi ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kupima ni gharama ndogo kuliko ufa mmoja.

Lakini ukifuata ushauri wangu nguzo tupu hazihitajiki kabisa. Hesabu ni hii, mpelekee kaka yako anayependa hesabu. Kwenye kina cha mita 50: mita 4 za vibaraza, jengo la mbele mita 12, ua wa mita 18, jengo la nyuma mita 12, mita 4 za mwisho. Kwenye upana wa mita 80: mita 6 za mashariki mwachie mfereji, mita 56 za majengo, mita 18 za magharibi za magari. Kila jengo liwe na ngazi tatu, kila ngazi ihudumie nyumba mbili kwa kila floo, floo nne ukihesabu na ya chini. Hizo ni nafasi 48. Toa mbili za maduka, toa mbili za kichochoro, mita za umeme, mlinzi na jenereta. Zinabaki 44, za wastani wa mita za mraba 95 hivi.

Arobaini na nne, kwa majengo mafupi kuliko yake yenye 36. Robo ya 36 ni 9, robo ya 44 ni 11. Mwekezaji atasema anajenga eneo kubwa zaidi, na ni kweli. Mjibuni kwamba hanunui lifti tatu, hajengi floo nzima ya nguzo, na hachimbi bwawa.

Kuhusu bwawa nitasema kifupi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai watu wanavaa makoti, maji ni ya barafu. Mabwawa ya apatimenti ninayoyajua mwaka wa pili yanakuwa ya kijani, mwaka wa tatu yanatolewa maji, mwaka wa nne watoto wanachezea mpira humo, na kusema kweli huo ndio wakati wanaonekana kuyafurahia. Pandeni nyasi mapema, muwape kiwanja.

Kuna faida nyingine ya kulaza majengo mashariki hadi magharibi, na hii mwekezaji ameikosa kabisa. Ameyageuza ili kila sebule ione bwawa, kwa hiyo madirisha makubwa yanatazama mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la alasiri ni la chini, linaingia hadi kwenye jokofu, na hakuna kibaraza kinacholizuia. Sisi tuko kama nyuzi 3.4 kusini mwa Ikweta. Mchana wa Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 27 hivi kutoka utosini. Desemba liko kusini, nyuzi 20. Kwa dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita moja na nusu, kibao cha zege kinachotokeza sentimita 75 juu yake kinatosha kulifunika saa sita mchana mwaka mzima. Chukueni sentimita 50 tu, ili Julai jua liingie kidogo sebuleni mpunguze makoti. Kaskazini huko ndiko uliko Meru, kwa hiyo sebule ikitazama barabara inatazama na mlima. Jengo la mita 12 kwenda juu, jua la mchana wa Juni linatupa kivuli cha mita 6 uani. Mita nyingine 12 zinabaki na jua la kuanikia nguo. Tafadhali wekeni kamba za nguo kwenye mchoro, la sivyo zitajiweka zenyewe kwenye vibaraza vya mbele.

Floo nne bila lifti inawezekana ikiwa ngazi ni za kibinadamu. Kimo cha kila kidaraja kisizidi sentimita 17, pa kukanyagia pawe sentimita 28 au 30, na katikati pawe na pa kupumzikia penye dirisha. Mwenye ndoo ya maji atakushukuru. Maana maji yatakatika, tusidanganyane.

Magari ndipo mwekezaji atakapobisha kweli, na hapa ana hoja. Mita 18 za magharibi zinatoshea mistari miwili ya magari, mita tano kwa kila mstari, na njia ya mita sita katikati, halafu mstari wa miti. Ukitoa pa kugeuzia gari la zimamoto, transfoma na mapipa ya taka, mtapata nafasi kama 32. Kwa nyumba 44 hazitoshi kila mtu. Yeye alichora 54. Lakini gari moja, ukijumlisha na njia yake ya kuzungukia, linakula mita za mraba 25 hadi 30; hicho ni chumba cha kulala, bafu na korido. Nafasi 22 za ziada alizochora ni zaidi ya nusu ya ua wenu. Ushauri wangu: nafasi ya gari iuzwe mbali na nyumba. Mwenye magari mawili alipe mawili, na vijana wawili waliooana juzi, wanaopanda kifodi kwenda mjini, wasilazimishwe kumnunulia zege jirani yao mwenye Prado. Mkifanya hivyo mtaona mahitaji yanapungua yenyewe. Ikiwa hayatapungua, basi mtakuwa mmeuza nyumba chache kwa watu wenye pesa nyingi, na hiyo si hasara.

Msije mkasahau kwamba gari la zimamoto ni kubwa na halijui kuomba radhi. Geti liwe na upana wa mita nne kamili bila kizuizi juu, na uani iwepo njia ngumu ya upana huohuo inayofika hadi mwisho wa mashariki, hata kama juu yake mmepanda nyasi kati ya vitofali. Namba ya zimamoto ni 114. Andikeni ukutani kwenye kila ngazi.

Sasa maji. Nayasema kwa uzito kuliko mengine yote.

Eka yenu ni kama mita za mraba 4,000. Ikiwa shamba, mvua ya milimita 50 inanywewa na ardhi kwa sehemu kubwa. Mkiipaka zege yote, kama ilivyo kwenye mchoro, mvua hiyohiyo inawaletea lita 200,000. Hayo ni maboza ishirini ya lita elfu kumi, yanayotoka getini kwenu ndani ya saa moja au mbili kwenda kwa jirani wa chini. Na mwekezaji anataka pia kuufunika mfereji kwa kalavati la bomba ili apate pa kuweka jenereta. Msikubali. Bomba linaziba kwa chupa, matawi na nepi, halafu maji yanatafuta njia yake ya zamani, ambayo sasa ina nyumba. Aprili 2024, upande wa Muriet, gari la shule lilisombwa na maji kwenye korongo na watoto wakapoteza maisha. Kila masika tangu hapo nikiona mtu anabana njia ya maji napata baridi mgongoni.

Acheni mfereji wazi, kingo zake zipangwe mawe bila kubanwa, na sehemu itakayobaki ya zile mita sita iwe nyasi. Kabla ya hapo, mwende kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani muwaulize kama wanautambua kuwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukihesabika mto, mchoro wangu na wa mwekezaji vyote vinakwenda kapuni. Ni bora kulijua hilo kabla ya kusaini kuliko baada ya kupakwa alama ya X nyekundu.

Pa magari msimwage zege. Tumieni vitofali vyenye matundu, chini yake kokoto za kina cha nusu mita, maji yazame pole pole. Paa la majengo mawili lina mita za mraba zaidi ya 1,300. Kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 1,300. Mvua ya milimita 20 inawajazia tanki la lita 26,000 chini ya ua, la kufulia, kumwagilia na kusukumia vyoo.

Na la kunywa? Mwekezaji ameandika "kisima binafsi" kama vile ni zawadi. Mwambieni achukue kipimo cha floraidi kwanza. Wewe mwenyewe umekua huku, umeona meno ya kahawia. Ni maji ya chini ya ardhi ya miamba ya Meru. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kuzunguka mlima huu vinazidi hapo. Kuzidi sana kunaharibu hata mifupa. Bomba la mamlaka ya maji liwe ndilo la kunywea, na kwa watu 176, yaani wanne kwa kila nyumba, nikikadiria lita 100 kila mmoja kwa siku, wekeni akiba ya siku mbili, yaani lita 35,000. Kisima kikiwapo kibaki cha bustani. Maji taka yapelekwe kona ya kusini magharibi, upande wa chini, penye njia ya gari la kunyonya lisilopita katikati ya watoto.

Nje ya geti kazi bado ipo, na mwekezaji hataipenda kwa sababu hailipwi. Barabara yenu iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nendeni ofisini kwao na kwa afisa mipango miji mkaulize hifadhi ya barabara ni mita ngapi na Mpango Kabambe wa jiji unaoishia 2035 unasemaje kuhusu mtaa huo, msije mkajenga vibaraza vizuri vikafagiliwa na greda. Hapohapo ombeni mabadiliko ya matumizi ya kiwanja, maana hati ya baba bila shaka ni ya makazi ya familia moja. Kisha, kwa gharama ya mradi, tengenezeni mita zenu 80: njia ya miguu ya mita mbili, mtaro wenye mifuniko inayofunguka, taa nne fupi zinazomulika njia badala ya kuangaza angani, na miti kila mita nane. Zile barabara za mitaa zilizojengwa mjini kwa mradi wa TSCP, ule wa serikali wa kuboresha miji, zenye mitaro na njia za pembeni, mmeona zilivyobadilisha biashara. Na kama kaka zako hawaamini miti inauza nyumba, wapandishe basi la Moshi wakatembee Shanty Town, mtaa wenye miti mingi, saa saba mchana, kisha warudi wakatembee Moshono saa ileile. Getini, njia ya miguu iendelee kwa usawa wake na gari ndilo lipande na kushuka. Mradi mwingi unafanya kinyume, bibi anashushwa mtaroni ili Prado lisitikisike.

Kwenye karatasi. Kila mnunuzi atapata hati ya sehemu yake ya jengo chini ya Sheria Na. 16 ya 2008, na vitu vya pamoja, yaani ngazi, paa, ua, mfereji, tanki, vitakuwa mali ya wamiliki wote kupitia chama chao. Hapo ndipo apatimenti nyingi hufia: hakuna wa kulipa rangi, pampu wala mlinzi. Ndiyo maana nataka maduka manne yasiuzwe. Yaandikwe kuwa mali ya pamoja, na kodi yake ilipe taa na mlinzi. Nanyi ndugu, mirathi ikamilike na hati iwe na majina yenu kabla ya sahihi yoyote, na apatimenti zenu 11 zitajwe kwa namba na floo ndani ya mkataba. "Mtachagua baadaye" ni neno la mtu anayejua mtabakiwa na zipi. Mwanasheria wenu asiwe wa kwake. Msanifu naye awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mchoro mlionao hauna muhuri.

Mringaringa. Kwenye picha naukadiria uko mita tano kutoka barabarani, karibu na kona ya magharibi, na kwenye mchoro wa mwekezaji umekaliwa na kibanda cha mlinzi. Kwenye mpango wangu unaangukia ukingoni mwa nafasi za magari, mbele ya maduka. Usikatwe. Pimeni upana wa matawi yake, mchore duara hilo ardhini, na mkandarasi aliwekee uzio wa mabati siku ya kwanza, kabla ya tingatinga kushuka. Ndani ya duara pasichimbwe, pasimwagwe kifusi, pasiegeshwe mchanganyiko wa zege, maana mizizi ya kulishia iko juu juu na inakufa kwa kukandamizwa hata shina lisipoguswa. Mtapoteza nafasi tatu za magari, labda nne. Ukitoa maua, yale meupe, yatadondoka kwenye njia na mtu atalalamika kwamba yanateleza. Mpeni Mangi ufagio. Mkizunguka shina kwa benchi la kimo cha sentimita 45, nadhani hata mama yenu atatoka kuja kukaa.